Saa ya Pweza na Vita vya Beseni la Buluu

Enyi mlioketi na mlioegemea, enyi wenye chai mkononi na wenye haraka ya bure, sogezeni viti. Aliye na sufuria motoni akaipunguzie moto. Aliye na simu ailaze kifudifudi. Aliye na usingizi aende akalale sasa hivi, asije akapiga miayo mbele ya mambo makubwa. Maana nasimulia habari ya mkono uliozama na haukutoka, habari ya chuma kilichokata roho kwa heshima, habari ya karani mmoja wa masijala ambaye, mbele ya mkewe, shemeji yake na kamba ya nguo, alipigana na maji yaliyomfika hadi kwenye kiwiko. Ewe ulimi wangu, usinikwame. Nawe uwongo, kaa pembeni kidogo; nikikuhitaji nitakuita.

Shujaa wetu mnamjua, na kama hammjui hamjakosa kitu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega ya kutosha kushikilia koti lakini si zaidi, Mlinzi wa Majalada, Bwana wa Rafu za Chuma, Mpiga Chafya Mkuu, kwa kuwa vumbi la masijala lilimwingia puani tangu ujana wake na halijaona sababu ya kutoka. Kazini walimwita Karani. Nyumbani, mkewe, fundi cherehani mwenye jicho kali kuliko sindano zake, alimwita baba Chiriku, kwa jina la utani la binti yao wa miaka saba, mtoto aliyeanza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hajapumzika. Kuogelea shujaa hakujui. Mvua ikinyesha, yeye ni wa kwanza kujibanza chini ya paa na wa mwisho kutoka. Mimi ninayesimulia namfahamu vizuri mtu huyu, vizuri kuliko ninavyopenda: tunanyoa ndevu mbele ya kioo kimoja.

Sasa mtu wa namna hiyo alinunua nini? Alinunua saa ya wapiga mbizi.

Haikuwa saa ya kampuni kubwa ambayo jina lake hubandikwa kwenye mabango. La hasha! Ilitoka kwenye kikampuni cha watu watatu na mbwa mmoja, huko ng'ambo, ambao picha yao ilikuwa kwenye mtandao, wote wanne wakitabasamu. Jina lake lilikuwa Pweza, na usoni pake, chini ya mishale, palichorwa pweza mdogo. Ilikuwa ya chuma kitupu, haina betri, inakula mtikiso wa mkono wa mwenyewe; ilikuwa na pete ya pembeni inayozunguka kwa mlio wa kri-kri-kri, ya kumwambia mzamiaji amekaa chini muda gani; na ubavuni ilikuwa na kidude cha kurekebishia majira, kinachofunguliwa na kukazwa kama kizibo cha chupa. Kidude kikikazwa, maji hayapiti hata yabembeleze. Mgongoni palichorwa maneno matukufu: mita mia mbili. Hicho ndicho kina ambacho saa ingeweza kushuka ikarudi inacheka.

Siku ilipofika, shujaa aliifungua bahasha kwa mikono miwili, akaiinua saa mbele ya mkewe kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

"Mbona wameweka buibui?" mkewe akauliza.

"Ni pweza, mama Chiriku."

"Miguu minane?"

"Pweza ana minane."

"Na buibui ana mingapi?" akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini shujaa hakuvunjika moyo. Na kwa kuwa alisoma mahali kwamba mnunuzi wa saa ya kampuni changa ana wajibu wa kuipima na kuwaambia wengine, alianza kuipima. Akawatangazia jamaa zake kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, kundi ambalo mpaka hapo lilikuwa la habari za wagonjwa na picha za watoto wachanga. "Ndugu zangu," akanena, kwa sauti aliyoivuta kutoka tumboni, "leo tunaangalia uzito." Kesho yake wakaangalia mkanda. Akachemshia mayai kwa ile pete ya pembeni, nayo mayai yakaiva, akayatangaza. Jioni moja akamshika mkewe mkono, akamwingiza kabatini kati ya makoti, akafunga mlango, ili aone jinsi namba zinavyong'aa gizani.

"Umeona?" akanong'ona.

"Nimeona," mkewe akasema. "Nimeona pia nondo wamekula koti langu. Hebu fungua."

Shangazi mmoja akajibu kwenye kundi kwa picha ya kidole gumba, na huo ndio ulikuwa upeo wa shangwe. Tena kila asubuhi shujaa aliketi kitandani, akailinganisha Pweza na simu yake, akaikuta imetangulia kidogo, akafungua kidude, akaisahihisha, akakikaza kidude, akashusha pumzi. Tathmini zote zikatoka isipokuwa moja tu. "Na maji," alisema kila mara mwishoni, kama mfalme anayeahidi vita, "maji tutayafikia."

Hayakufikiwa. Wala hayakukaribiwa! Saa ile iliyoumbwa ishuke chini ya bahari, mahali ambapo hata samaki hutembea na taa, ilivuliwa kila mara mwenyewe aliponawa mikono. Kazini alikuwa na taratibu zake: alisimama mbele ya sinki, akaifungua saa, akamkabidhi mwenzake wa dawati la pili aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, naye akaishika juu ya leso kwa viganja viwili, huku wengine wote wakisubiri na sabuni ikiwakaukia mikononi. Mvua ikitishia, saa iliingia kwenye mfuko wa nailoni na mfuko ukaingia kwenye soksi. Alipoosha vyombo nyumbani, saa ilipanda juu ya friji. Na sakafuni mbele ya friji, kila mara, palikuwa na macho mawili madogo ya Chiriku yakitazama juu.

Nani angeacha jambo kama hilo lipite bila jina? Alikuwapo ndugu wa mkewe, kijana mwenye kazi yake ya kuosha magari, anayeshinda ameloa kuanzia asubuhi hadi jioni, na mkononi ana saa ya plastiki aliyoitoa kwenye rundo sokoni na ambayo hajawahi kuivua, akioga wala akilala. Huyo ndiye aliyempa shujaa wetu cheo chake kikubwa. "Mita Mia Mbili!" alipiga kelele kila alipoingia. "Shemeji, pisha hapo, nimebeba chai, isije ikamwagika ukatuachia msiba." Shujaa alicheka pamoja na wengine. Alicheka kidogo tu, kisha akaitazama saa kuona kama imesikia.

Basi mambo yangeendelea hivyo hivyo mpaka uzee, kama si shule.

Shule ya Chiriku ilianza kuwapeleka watoto wa darasa lake kuogelea, na mwalimu wa michezo, mwanamke asiye na maneno mengi, aliweka sharti moja. Mtoto atakayetumbukiza uso wote majini ataingia bwawani na wenzake. Asiyeweza atakaa benchi na taulo lake mpaka muhula ujao. Watoto wote walitumbukiza, hata yule anayeogopa kuku. Chiriku akakaa benchi. Alirudi nyumbani kavu kama alivyoondoka, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hasemi. Akala kimya. Akavua viatu kimya. Mama yake akazima cherehani ili akisikilize vizuri kimya hicho, kikamtia hofu.

"Baba Chiriku," akamwambia mumewe, "nenda kaongee na mwanao. Wiki ijayo wanajaribu mara ya mwisho, na mimi siwezi kumwona hivi."

Ndipo Mlinzi wa Majalada akaingia chumbani kwa bintiye, akasimama katikati ya wanasesere, akaweka mkono mmoja kifuani na kuhutubia.

"Ewe mwanangu," akanena, "maji ni nini? Maji ni kitu cha kunywa. Je, mtu huogopa anachokunywa? Tazama mabaharia! Tazama wapiga mbizi, wanaoshuka gizani na roho zao mkononi, hawatetemeki, hawarudi nyuma! Piga moyo konde. Uso ni wako, maji ni ya bomba. Nani mkubwa?"

Chiriku alimwacha amalize. Kisha akasema polepole, bila ubishi, kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka kitu:

"Baba, hata saa yako inaogopa maji. Na yenyewe ni ya maji."

Lo! Mishale imeandikwa, mikuki imeimbwa, lakini hakuna silaha iliyowahi kumpata mtu katikati kabisa kama maneno yale. Shujaa akaushusha mkono uliokuwa kifuani. Aliona haya, ile haya ya kweli inayoanzia masikioni. Kwa maana alijua mtoto hakumtania. Mtoto alikuwa amefanya tathmini. Alikuwa ameketi mbele ya friji siku zote hizo, akatazama, akapima, akafikia uamuzi: kama chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya bahari hupandishwa juu ya friji vyombo vinapooshwa, yeye aliye nyama na mifupa atumbukie kwa ushujaa gani? Baba yake ndiye aliyemfundisha kuogopa, kila siku, mbele ya sinki, bila kutamka neno.

Akaketi sakafuni. "Nikiitia saa majini," akauliza, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "na wewe utatia uso?"

Chiriku akafikiri. "Nyote mtaingia pamoja na mimi? Wewe na saa?"

"Mkono wangu na saa."

"Lakini mkono ukitoka, na mimi natoka."

"Mkono ukitoka, na wewe utoke."

Wakapeana vidole vidogo, na mkataba ukafungwa, mzito kuliko mikataba yote aliyowahi kuilaza kwenye rafu zake.

Ikafika Jumapili. Uani palitandikwa uwanja wa vita: beseni la buluu la kufulia, lililojaa hadi ukingoni, juu ya kigoda, kamba ya nguo yenye shuka mbili zinazopepea mithili ya bendera, au tuseme mithili ya shuka, mke mlangoni na futi ya kupimia shingoni, na shemeji, aliyeacha magari ya watu yakisubiri, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Wakati huo shujaa alikuwa chumbani akijiandaa. Na hapa, wasikilizaji wangu, shikeni viti. Kwa kuwa ilikuwa asubuhi, na asubuhi ina taratibu zake, aliketi kitandani, akailinganisha Pweza na simu, akaikuta imetangulia, akafungua kidude, akaisahihisha. Wakati huo huo mkewe akaita, "Baba Chiriku! Mtoto yuko tayari, njoo kabla hajabadili mawazo!" Naye, kwa haraka, akainuka akatoka. Kidude hakukikaza. Mita mia mbili zote zikabaki kitandani.

"Enyi majirani msiokuwepo!" shemeji akatangaza alipomwona, akisimama juu ya ndoo. "Yuaja! Yuaja Mita Mia Mbili, mwenye kuvaa bahari mkononi na kuivua sinkini! Leo atashuka sentimita nyingi ambazo..."

"Nyamaza," dada yake akamwambia, na shemeji akaketi tena juu ya ndoo.

Chiriku alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Baba yake akapiga goti upande wa pili, akakunja mkono wa shati mara moja, mara mbili, akaitazama Pweza kwa mara ya mwisho, ikimeta juani, safi, haina hata mkwaruzo. Alitaka kutoa hotuba. Alikuwa na hotuba. Haikuja.

"Haya, mama," akasema tu. "Twende."

Mkono ukazama. Uso ukazama.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhania. Yalimpanda kwenye kifundo, yakapita saa, yakafika kwenye kiwiko yakasimama, kwa sababu beseni liliishia hapo. Aliona nywele za bintiye zikielea, mashavu yamevimba, macho yamefumbwa kwa nguvu zote. Kisha akaona povu.

Lilikuwa povu dogo, duara, lenye adabu. Lilitoka ubavuni mwa saa, likapanda juu, likapasuka. Likafuata la pili. Kisha yakaja mengi kwa mstari, moja nyuma ya jingine. Na hapo ndipo alipokiona kidude, kimening'inia wazi, na akakumbuka kitanda, simu, sauti ya mkewe, vyote kwa pamoja.

Ewe moyo wa mwanadamu! Mkono wenyewe ulishtuka, ukataka kuruka nje bila kuomba ruhusa. Bado palikuwa na nafasi ya kuiokoa, angeitoa sasa hivi, angeikung'uta, angeipuliza. Maji ndiyo kwanza yanabisha hodi. Lakini mkono ukitoka, naye atoka. Na akitoka hivyo, kwa sababu baba ameuchomoa mkono wake kwa hofu, hatarudi tena, si wiki ijayo wala muhula ujao. Atakaa benchi na taulo lake, kimya. Shujaa akauma meno. Mpiga Chafya Mkuu, mtu aliyewahi kukimbia manyunyu, akausukuma mkono chini zaidi mpaka vidole vikagusa plastiki ya beseni, akaukaza hapo, akaiacha saa yake inywe.

Ndipo Chiriku alipofumbua macho majini. Aliona kitu. Akakaa hapo kidogo, akakitazama, kisha akaibuka, maji yakimchuruzika puani, na kelele alizokuwa amezikusanya wiki nzima zikamtoka zote mara moja.

"Baba! Saa yako inapumua! Mama, saa ya baba inapumua! Inatoa vipovu, vidogo vidogo, vinapanda hivi! Mjomba, njoo uone! Baba, usitoe mkono, usitoe, nataka kuona tena!"

Shemeji alikwisha kusogea akachungulia. Yeye mtu wa maji alielewa mara moja. Akamtazama shujaa. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, wala hakuna utani ndani yake, "kidude kiko wazi. Toa mkono, itakufa."

"Najua," akasema shujaa. "Tulia. Mtoto anaangalia."

Na Chiriku akatumbukiza uso tena, kwa hiari yake, hakuna aliyemwambia. Akaibuka, akavuta pumzi, akarudi. Akatumbukiza tena na tena, mpaka shuka zote mbili zikaloa, mpaka mjomba wake akaloa zaidi ya siku za kazi, mpaka vipovu vikaanza kupungua, kikaja kimoja, baada ya muda kingine, na hatimaye hakikuja tena. Baba yake alikuwa bado amepiga goti, mkono majini, goti linamwuma, anatabasamu kama mjinga. Mshale wa sekunde ulikuwa umesimama.

"Imelala?" Chiriku akauliza.

"Imelala," akasema baba yake.

Wakaipeleka ndani kwa heshima. Kioo kilikuwa kimepata ukungu, na nyuma ya ukungu yule mnyama wa miguu minane alikuwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, majini. Shujaa akaomba bakuli la mchele aifukie ikauke. Mkewe akaenda kuleta mchele, ule mzuri, si ule wa chenga. Akaifukia yeye mwenyewe. Kisha akampangusa mumewe mkono kwa pindo la kanga yake, kidole kimoja kimoja, wala hakusema kitu kuhusu buibui.

Mchele haukusaidia. Kuna mizinga iliyopigwa kwa ajili ya majemadari waliofanya madogo kuliko haya. Kwa ajili ya Pweza haukupigwa hata mlango. Lakini wiki iliyofuata, siku ya kuogelea, mwalimu wa michezo alituma ujumbe kwamba Chiriku ametumbukiza uso, ameingia bwawani, na tafadhali wazazi wamwombe apunguze maneno, kwani amewasimulia darasa zima kuhusu saa inayopumua na sasa wote wanachungulia chini hawataki kutoka.

Jioni ile jamaa walipokea ujumbe wa sauti, wa mwisho katika tathmini zile, nao ulikuwa mfupi kuliko zote. "Ndugu zangu," ilisema sauti, wala haikutoka tumboni, "nimeijaribu majini. Imekufa. Kosa ni langu, wale watu watatu na mbwa wao hawakusema uongo. Nunueni bila wasiwasi. Naipa alama zote." Shangazi akatuma kidole gumba. Shemeji akatuma ujumbe ulioandikwa "Mita Mia Mbili", basi, bila picha ya kicheko.

Basi na ijulikane masijalani na nje ya masijala, vizazi vijavyo na viambiwe, kama vitakuwa na nafasi, kwamba Jumatatu iliyofuata Karani alikwenda kazini na saa yake iliyosimama, yenye ukungu machoni. Mchana akafika mbele ya sinki. Nyuma yake foleni ikajipanga, kwa uchovu wa watu wanaojua kitakachofuata, na yule mwenzake wa dawati la pili akakunjua leso, akanyoosha viganja viwili tayari kupokea. Karani akafungua bomba. Akapaka sabuni, akanawa hadi juu ya kifundo, bila haraka, maji yakimwagika juu ya chuma, huku mwenzake amebaki na viganja wazi na leso haina kitu.

"Leo huvui?" akauliza.

"Sivui," akasema, akafunga bomba, akawapisha wengine.